Samaki Mkunje Angali Mbichi: Jinsi Kirusi cha Wadudu Kinavyodhibiti Viwavijeshi

Kila msimu wa mvua unapoanza, wakulima wa mahindi, mtama, uwele, mpunga na ngano, pamoja na wafugaji wanaotegemea malisho ya asili, huwa na hofu moja wanayoifahamu vyema: viwavijeshi. Shamba lililokuwa la kijani mwanzoni mwa wiki huweza kubaki mabua na mishipa ya majani kabla wiki haijaisha. Kwa kaya inayotegemea ekari mbili au tatu za mahindi kwa chakula cha mwaka mzima, hasara hiyo ina maana ya kupanda upya kwa mbegu za kununua wakati mvua zikielekea ukingoni, au kukosa mavuno kabisa.

Kwa miongo mingi, silaha kuu dhidi ya mdudu huyu imekuwa kiuatilifu cha kemikali. Silaha hiyo huua haraka, lakini ina gharama zake. Bei yake huwa kubwa kwa mkulima mdogo, unyunyiziaji wake unahitaji mavazi ya kujikinga ambayo wengi hawana, na sumu hiyo haichagui kati ya mdudu mharibifu, nyuki na wadudu wengine rafiki wa mkulima.

Hata hivyo, asili ina silaha yake. Katika baadhi ya misimu, wakulima na wafugaji wamekuta viwavijeshi wengi wakiwa wamekufa juu ya ncha za nyasi na majani ya mahindi, miili yao ikiwa laini, imebadilika rangi na kutoa majimaji ya kahawia. Viwavi hao hawakupuliziwa dawa na mtu yeyote. Waliuawa na ugonjwa wao wenyewe, ambao chanzo chake ni kirusi kinachoshambulia viwavi. Makala haya yanaeleza kirusi hicho ni kitu gani, kinaua vipi, utafiti uliofanyika nchini umeonesha nini, na kwa nini mafanikio ya njia hii yanategemea zaidi jicho la mkulima kuliko bomba la kunyunyizia.

Mdudu anayesafiri na upepo

Viwavijeshi wa Afrika, ambao kisayansi huitwa Spodoptera exempta, ni watoto wa nondo, yaani vipepeo wanaoruka usiku. Nondo jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai, na katika mazingira mazuri idadi hiyo hufikia takriban 1,000 katika maisha yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache. Kiwavi anayetoka huwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi, na hupitia hatua sita za ukuaji kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, akijivua gamba kila anapohama hatua moja kwenda nyingine. Baada ya hapo huingia ardhini, hugeuka kuwa pupa, na baada ya wiki moja hadi mbili hutoka akiwa nondo kamili.

Nondo hao hawakai mahali walipozaliwa. Huruka usiku na kubebwa na upepo hadi umbali wa mamia ya kilomita. Mvua na mikondo ya hewa huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja, ambako hutaga kwa wingi. Ndiyo maana mlipuko huonekana kama umetokea ghafla mahali ambapo wiki iliyotangulia hapakuwa na dalili yoyote. Kwa kawaida milipuko ya mwanzo wa msimu hutokea katika maeneo ya kati na mashariki mwa Tanzania kuanzia Novemba hadi Januari, na vizazi vinavyofuata huelekea kaskazini mwa nchi, Kenya na hata Ethiopia. Kwa sababu hiyo, kudhibiti mlipuko wa mwanzo katika wilaya moja ya Tanzania ni kulinda pia mashamba yaliyo mbali sana na wilaya hiyo.

Viwavi wanapokuwa wachache huwa na rangi ya kijani au kahawia na hujificha chini ya majani. Wanapobanana kwa wingi hugeuka weusi mgongoni, huwa wachangamfu, na hutembea kwa makundi kutoka shamba moja hadi jingine. Tabia hiyo ndiyo iliyowapa jina la jeshi.

Jambo la kuzingatia katika maisha ya mdudu huyu ni kwamba sehemu kubwa mno ya chakula chake huliwa katika hatua mbili za mwisho za ukuaji. Katika hatua za mwanzo kiwavi huparua tu ngozi ya jani. Mkulima asiyekagua shamba lake kwa makini huona uharibifu wakati viwavi wamekwisha kuwa wakubwa, na kwa wakati huo siku za kuokoa mazao zimebaki chache sana.

Kirusi kinavyofanya kazi

Neno "virusi" huwatia watu wengi wasiwasi kwa sababu ya maradhi ya binadamu wanayoyafahamu. Kirusi kinachozungumziwa hapa ni cha kundi tofauti kabisa, liitwalo bakulovirusi. Virusi vya kundi hili huishi kwa kutegemea wadudu, na vingi kati yake hushambulia viwavi wa nondo na vipepeo tu. Zaidi ya hapo, kila aina ya bakulovirusi kwa kawaida huwa na aina moja ya mdudu au aina chache zenye undugu wa karibu ambazo inaweza kuziambukiza. Kirusi kinachoua viwavijeshi wa Afrika hufahamika kwa watafiti kwa kifupisho cha SpexNPV.

Nje ya mwili wa mdudu, virusi hivi hukaa vikiwa vimefungwa ndani ya vifuko vigumu vya protini. Kila kifuko huwa na chembe nyingi za kirusi na ukubwa wake ni mikromita moja hadi tatu, hivyo huonekana kwa hadubini ya kawaida ya maabara. Kifuko hicho ndicho ngao ya kirusi. Huweza kukaa kwenye udongo kwa miaka kikisubiri mdudu, mradi tu hakipigwi na jua.

Kiwavi hupata maambukizi kwa kula. Anapotafuna jani lenye vifuko hivyo, vifuko hufika kwenye utumbo wake. Utumbo wa kiwavi una hali kali ya alikali, tofauti na tumbo la binadamu ambalo lina asidi. Alikali hiyo huyeyusha protini ya kifuko na kuziachia chembe za kirusi, nazo huingia kwenye seli za utumbo. Ndani ya seli, kirusi huingia kwenye kiini na kuitumia seli hiyo kujizalisha kwa wingi. Kisha husambaa katika mwili mzima wa mdudu.

Kwa siku za mwanzo kiwavi huonekana mzima na huendelea kula, ingawa taratibu hupunguza kasi. Kadiri ugonjwa unavyokomaa, viwavi wengi hupanda juu kuelekea kwenye ncha za mimea na kufia huko. Watafiti wamebaini kuwa hali hiyo si ya bahati nasibu. Utafiti uliofanyika Marekani kwa nondo mharibifu wa misitu na kuchapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba kinasaba kimoja cha kirusi ndicho kinachochangia kumfanya kiwavi apande juu. Baada ya kifo, kirusi huyeyusha viungo vya ndani na kulegeza ngozi ya mzoga, nayo hupasuka na kudondosha majimaji yenye mabilioni ya vifuko vipya kwenye majani ya chini. Viwavi wengine wanaokula majani hayo huambukizwa, na mzunguko huanza upya.

Hapo ndipo kirusi kinapotofautiana na sumu ya kemikali. Sumu ikishanyunyiziwa huanza kupungua nguvu kadiri siku zinavyopita. Kirusi, kikikuta viwavi wa kutosha, huongezeka shambani chenyewe. Kiwavi mmoja mkubwa aliyekufa huweza kubeba zaidi ya vifuko bilioni moja.

Majaribio yaliyofanyika Tanzania

Ikiwa ugonjwa huu upo katika mazingira, linazuka swali la msingi: kwa nini viwavijeshi bado huangamiza mashamba? Jibu lipo katika muda. Mlipuko wa asili wa kirusi mara nyingi hutokea kwa kuchelewa, msimu ukiwa umesonga na viwavi wakiwa wamekwisha kuwa wengi na wakubwa. Wakati huo ugonjwa huwaua kweli, lakini mahindi yamekwisha kuliwa. Wazo la wataalamu halikuwa kuleta kitu kigeni nchini, bali kuuwahisha ugonjwa ambao ungefika wenyewe ukiwa umechelewa.

Wazo hilo lilifanyiwa majaribio nchini Tanzania kati ya mwaka 1999 na 2005, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania na watafiti kutoka Uingereza. Kirusi kilichanganywa na maji au vimiminika vingine na kunyunyiziwa kwenye maeneo yenye viwavi, kwa mabomba ya ardhini na pia kwa ndege zinazotumika kunyunyizia viuatilifu vya kawaida. Matokeo yalionesha kuwa kirusi kikinyunyiziwa kwa kiwango cha vifuko trilioni moja kwa hekta, wakati viwavi wakiwa katika hatua ya kwanza hadi ya tatu ya ukuaji, huanzisha ugonjwa mkubwa unaoporomosha idadi ya viwavi katika kipindi cha siku 3 hadi 10 baada ya kunyunyizia.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito kwa sababu mbili. Kwanza, yalithibitisha kwamba kirusi kinaweza kufanya kazi ya kudhibiti mlipuko katika eneo kubwa na si katika maabara pekee. Pili, yalionesha kwamba hakihitaji vifaa vipya. Bomba na ndege zilizokuwa zikitumika kwa kemikali zilitosha.

Tafiti zilizofuata ziliongeza jambo jingine la kuvutia. Kirusi hakisambai kwa njia ya majani pekee. Baadhi ya viwavi walioambukizwa kidogo huishi, huwa nondo na kukirithisha kirusi kwa watoto wao. Kwa njia hiyo ugonjwa husafiri pamoja na mdudu kutoka eneo moja hadi jingine, ukisubiri mazingira ya kulipuka.

Muda ni kila kitu

Kiini cha njia hii ni umri wa kiwavi. Kiwavi mchanga huhitaji vifuko vichache sana vya kirusi ili afe. Kadiri anavyokua, kiasi kinachohitajika huongezeka mara nyingi. Aidha, utafiti umeonesha kwamba viwavijeshi wanaokulia katika msongamano, wale wenye rangi nyeusi, huwa na kinga imara zaidi dhidi ya kirusi kuliko wale wanaokua wakiwa wachache. Mdudu huyu, anapohisi wenzake wamejaa karibu, hujiandaa mapema dhidi ya ugonjwa.

Maana yake kwa mkulima ni wazi. Kirusi kikinyunyiziwa kwa viwavi wadogo, hufa kabla hawajafika umri wa kula kwa wingi, na shamba hupona. Kikinyunyiziwa kwa viwavi wakubwa weusi wanaotembea kwa makundi, wengi wao watamaliza kula na kuingia ardhini kabla ugonjwa haujawaangusha. Mkulima wa aina hiyo atakuwa ametumia fedha na muda wake, na mazao atakuwa ameyapoteza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ina maana ya moja kwa moja kuliko hapa.

Jambo la pili ni subira. Mkulima aliyezoea kemikali hutarajia kuona viwavi wakianguka siku hiyo hiyo au kesho yake. Kirusi hakifanyi hivyo. Siku mbili baada ya kunyunyizia, viwavi bado watakuwa hai na wataonekana wakila. Asiyeelezwa mapema huweza kudhani ameuziwa maji, akarudi dukani kununua sumu, na kuingia gharama mara mbili. Elimu hii ni sehemu ya tiba yenyewe, na inapaswa kutolewa kabla ya chupa kufunguliwa.

Jambo la tatu ni jua. Mionzi ya jua huharibu kirusi haraka kikiwa juu ya jani. Kwa sababu hiyo, unyunyiziaji unapendekezwa kufanyika jioni, ili viwavi wapate usiku mzima wa kula majani yenye kirusi kingali na nguvu. Kwa kuwa kirusi lazima kiliwe ndipo kiue, majani yanatakiwa kufikiwa vizuri na dawa, hasa sehemu ambazo viwavi wadogo wanakula. Maji yenye alikali kali hayafai kuchanganyia, kwa kuwa huweza kuyeyusha vifuko kabla havijaliwa na mdudu.

Utabiri unaoanzia kijijini

Kama kirusi kinahitaji viwavi wachanga, basi kinahitaji taarifa za mapema. Afrika Mashariki ina historia ndefu katika eneo hili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, kilitumia taarifa za mitego ya taa na hali ya hewa kutabiri mahali ambapo viwavijeshi wangeweza kulipuka. Baadaye kila nchi ilijenga mfumo wake. Kwa upande wa Tanzania, kituo cha Wizara ya Kilimo kilichopo Tengeru mkoani Arusha kimekuwa kitovu cha uratibu wa utabiri huo, huku Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki likisaidia nchi wanachama katika mapambano dhidi ya visumbufu vinavyovuka mipaka.

Mitego inayotumika zaidi ni ile yenye kivutio kinachoiga harufu ya nondo jike. Nondo dume huifuata harufu hiyo usiku na kunaswa. Idadi ya nondo walionaswa, ikiunganishwa na taarifa za mvua, hutoa picha ya nini kinaweza kutokea siku chache zijazo, kwa kuwa nondo wa leo ni viwavi wa wiki ijayo.

Tatizo la utabiri wa kitaifa ni kwamba taarifa ilikuwa na safari ndefu: kutoka mtegoni hadi makao makuu, kisha kurudi wilayani, kwenye kata na hatimaye kijijini. Mara nyingi mkulima aliipata viwavi wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa. Ili kufupisha safari hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ilianza majaribio ya utabiri unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Kijiji kilipewa mtego na kipimo cha mvua, wakachaguliwa watu wa kufundishwa, nao wakawa wanahesabu nondo, kupima mvua na kutoa tahadhari kwa wenzao. Mfumo huo ulienea baadaye katika wilaya nyingine na katika nchi jirani.

Utabiri wa kijiji na kirusi ni vitu viwili vinavyokamilishana. Utabiri bila dawa inayofaa humwachia mkulima hofu tu. Kirusi bila utabiri hufika kimechelewa, kama kile cha asili.

Je, ni salama?

Swali hili ni halali na linastahili jibu la moja kwa moja. Bakulovirusi hazijulikani kuambukiza binadamu, mifugo, ndege wala samaki. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilichapisha mwaka 2002 waraka wa makubaliano uliokusanya taarifa za kisayansi kuhusu virusi hivi, na kwa msingi wa ushahidi wa aina hiyo nchi nyingi zimesajili bidhaa zake. Marekani ilisajili bidhaa ya kwanza ya aina hii mwaka 1975 kwa ajili ya viwavi waharibifu wa pamba. Tangu wakati huo virusi hivi vimetumika katika pamba, soya, matofaa, machungwa na mboga katika mabara mbalimbali.

Kwa kuwa kirusi kinachagua mdudu wake, nyuki, nyigu wanaoua viwavi, buibui na wadudu wengine wenye manufaa hubaki salama. Kwa mfugaji, faida yake ni kubwa zaidi, kwani malisho yaliyonyunyiziwa kirusi hayabaki na masalia ya sumu yanayoweza kuingia kwenye maziwa au nyama.

Usalama huo hauondoi haja ya tahadhari za kawaida. Mtu anayenyunyizia anapaswa kuvaa barakoa na glavu na kunawa baada ya kazi, kwa kuwa bidhaa yoyote ya unga au kimiminika huweza kuwasha macho au kuleta mzio. Vilevile usalama uliopimwa ni wa bidhaa iliyozalishwa na kukaguliwa kitaalamu. Mkulima anayekusanya mizoga ya viwavi, kuitwanga na kuinyunyizia mwenyewe hajui kiasi cha kirusi alichonacho, na mizoga inayooza hubeba bakteria wasiojulikana. Njia hiyo haishauriwi.

Nchini Tanzania, viuatilifu vyote, vikiwemo vya kibaiolojia, viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mwananchi anapaswa kuhakikisha bidhaa anayouziwa imesajiliwa, ina lebo inayoeleza mdudu na zao linalohusika, na haijapitwa na muda wake wa matumizi.

Funzo kutoka Brazil na Ulaya

Kirusi hakizalishwi kirahisi kama kemikali. Kinahitaji kiwavi hai, na kwa hiyo kiwanda chake ni mdudu mwenyewe. Hapo ndipo penye changamoto ya gharama. Kwa kiwango cha vifuko trilioni moja kwa hekta, na kiwavi mmoja akitoa vifuko bilioni moja, hekta moja huhitaji mavuno ya viwavi wapatao 1,000.

Brazil ilipata ufumbuzi wa kufundisha. Kuanzia miaka ya 1980, taasisi yake ya utafiti wa kilimo, Embrapa, ilieneza matumizi ya kirusi dhidi ya viwavi wanaokula majani ya soya. Mashamba yaliyokuwa na viwavi wengi yalinyunyiziwa kirusi, kisha wafanyakazi wakakusanya mizoga, ikagandishwa kwa baridi na kusindikwa kuwa unga. Njia hiyo ilipunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta milioni 2 za soya zilitibiwa kwa kirusi hicho katika msimu mmoja, kiwango ambacho kiliifanya Brazil kuwa mfano wa dunia nzima.

Hata hivyo, matumizi hayo yalipungua sana baadaye. Wakulima walianza kunyunyizia sumu zinazoua wadudu wengi kwa pamoja hata kabla ya viwavi kuonekana, na kirusi kinachoua aina moja tu kikakosa nafasi. Funzo ni kwamba uchaguzi wa kirusi, ambao ni fadhila yake kubwa, ndio pia udhaifu wake sokoni. Kinahitaji mkulima anayekagua, anayemtambua mdudu, na anayenyunyizia kwa sababu na si kwa mazoea.

Ulaya nayo ilitoa onyo. Katika mashamba ya matofaa nchini Ujerumani, katika miaka ya 2000, waligunduliwa wadudu waliokuwa sugu kwa aina moja ya kirusi iliyokuwa imetumika kwa miaka mingi mfululizo. Tatizo lilipunguzwa kwa kutafuta aina nyingine za kirusi hicho hicho. Usugu, basi, si tatizo la kemikali peke yake, na hakuna njia moja inayopaswa kutegemewa milele.

Kiwavijeshi vamizi ni mdudu mwingine

Wakulima wengi huchanganya viwavijeshi wa Afrika na kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya Amerika aliyeripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017. Wawili hao ni ndugu, lakini tabia zao zinatofautiana. Kiwavijeshi vamizi hatembei kwa makundi. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akiacha kinyesi kama unga wa mbao, na hutambulika kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mwisho wa mwili.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu kiwavijeshi vamizi ana kirusi chake mwenyewe, na tayari bidhaa zenye kirusi hicho zimesajiliwa katika baadhi ya nchi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Mkulima anayetaka kutumia njia hii lazima kwanza ajue ni mdudu gani yupo shambani mwake. Kwa kiwavijeshi vamizi, dawa inapaswa kuelekezwa kwenye moyo wa mmea, na mapema, kabla kiwavi hajazama ndani.

Mkulima afanye nini

Hatua ya kwanza haina gharama: ni kukagua shamba. Kuanzia mimea inapochipua, mkulima anashauriwa kupita shambani angalau mara mbili kwa wiki, akigeuza majani na kutazama upande wa chini. Dalili ya viwavi wachanga ni majani yaliyoparuliwa na kubaki na utando mweupe unaopitisha mwanga kama vidirisha vidogo. Nyasi za pembezoni mwa shamba zikaguliwe pia, kwa kuwa mara nyingi viwavijeshi huanzia huko.

Dalili zikionekana, taarifa itolewe siku hiyo hiyo kwa afisa ugani au ofisi ya mtendaji wa kijiji. Taarifa ya mkulima mmoja huweza kuokoa mashamba ya kijiji kizima, kwa sababu viwavi wachanga wa shamba moja wana wenzao wa umri huo huo katika mashamba ya jirani. Kijiji chenye mtego kihakikishe nondo wanahesabiwa kila siku katika msimu, na matokeo yanasomwa hadharani.

Ikiwa viwavi wamekwisha kuwa wakubwa na wanatembea kwa makundi, wakati wa kirusi kuokoa shamba hilo umepita. Katika hali hiyo mkulima afuate maelekezo ya afisa ugani kuhusu kiuatilifu kilichosajiliwa na kinachoua kwa haraka, kwa kuzingatia kipimo, mavazi ya kujikinga na siku za kusubiri kabla ya kuvuna au kulisha mifugo.

Kirusi cha viwavijeshi kimekuwepo katika nyasi na udongo wa nchi hii tangu zamani. Utafiti umeonesha kwamba kinaweza kufanya kazi ya kulinda mazao iwapo kitafika kwa wakati. Kinachoweza kukifikisha kwa wakati ni mkulima anayeinama na kugeuza jani wakati shamba lake bado linaonekana zima.